Mbwa na Mwenda Mlimani

Mtu atokaye Morogoro kwenda Dodoma hufika Dumila kabla nchi haijaanza kupanda. Hapo njia ya Kilosa huchepuka kwa mkono wa kushoto, mabasi husimama, na wachuuzi wa nyanya, vitunguu na mahindi ya kuchoma huyakimbilia madirisha kabla magurudumu hayajatulia. Mto Mkundi, ushukao kutoka milimani kwenda kuungana na Wami, hupita jirani. Januari 2014 ulifurika ukavunja njia penye daraja, na safari za baina ya pwani na bara zikakwama pale. Mji huu ni mji wa haraka. Walakini anyanyuaye macho kuelekea machweo huiona milima ya Ukaguru imesimama kimya nyuma ya vumbi lote hilo, sehemu zake za juu zikizidi mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na juu yake msitu ambao mawingu huulalia asubuhi. Milima hiyo ni kiungo kimoja cha mnyororo mkongwe uitwao Tao la Mashariki, pamoja na Nguru, Uluguru, Rubeho na Udzungwa.

Njia za Ukaguru zilifanywa na haja. Iko njia ya shamba, iko njia ya kisima, iko njia ya hospitali ya Berega, ziko njia za msikiti, za kanisa na za mnada. Mama anayeshuka na mzigo wa maharage kichwani hana nafasi ya kuuliza kwa nini ashuke. Mzigo wenyewe ni jibu. Kwa sababu hiyo mtu anayeamua kuondoka uwandani alfajiri, akapanda kwa njia moja, akazunguka kandokando ya msitu kwa siku tatu au nne, akashuka kwa njia nyingine mpaka pale pale alipoanza, hali hana mzigo, hana ujumbe wala mgonjwa wa kumtazama, huwa na neno gumu la kuwaeleza anaokutana nao. Ada ya njiani ni salamu, na baada ya salamu ni swali: unakwenda wapi? Ajibu kwamba anakwenda Dumila, naye ametoka Dumila? Akisema anazunguka tu, atatazamwa kama mtu aliyepotewa na kitu asichotaka kukitaja, labda mbuzi, labda akili.

Mtu wa namna hiyo akiwa na mbwa, mambo mawili hutokea. La kwanza, mashaka ya watu hupungua kidogo, maana mwenye mbwa hudhaniwa kuwa msasi au mlinzi wa shamba, na kazi hizo zinajulikana. La pili ni kwamba yuko kiumbe mmoja katika njia nzima asiyemwuliza swali lile. Mbwa hahitaji kuambiwa mwisho wa safari ndipo aipende. Akiona fimbo imeshikwa, husimama mlangoni. Njia ikifunguka, hutangulia hatua ishirini, hunusa jiwe, hurudi kuhakikisha kwamba mwenziwe yuko, kisha hutangulia tena. Katika kutwa moja mtu huenda masafa ya njia, na mbwa huenda masafa ya njia pamoja na marejeo yake yote. Kama yupo aijuaye maana ya matembezi yasiyo na haja, ndiye huyo mwenye miguu minne.

Lakini hapo ndipo linapozuka swali linalostahili kufikiriwa kwa makini kuliko linavyofikiriwa kwa kawaida. Mtu anajua kuwa njia ni mzunguko. Anajua siku zake, maji yake, mahali pa kulala, na mahali ambapo njia huwa nyembamba juu ya korongo. Mbwa hajui hata moja katika hayo. Kwake yeye kila hatua yaweza kuwa ya mwisho au ya kwanza. Ajualo ni mgongo wa mtu ulio mbele yake. Je, asiyejua aendako anamdai nini ajuaye? Na deni hilo, kama lipo, linatokana na nini, ikiwa mdai hawezi kulitaja wala kulikumbuka kesho?

Lugha ya Kiswahili haikumtendea mbwa kwa hisani. Jina lake ni tusi, na tusi zito. Anayekula kwa pupa huambiwa amekula kama mbwa. Anayekufa bila mazishi huambiwa amekufa kama mbwa. Sheria ya Kiislamu katika madhehebu ya Shafii, yaliyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu na ya Kilosa pia, huamuru kwamba chombo kilicholambwa na mbwa kioshwe mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Haifai kulificha jambo hilo au kuliona kuwa ni ukatili. Sheria ya tohara ni sheria ya mpaka, na sheria hiyo hiyo huruhusu mbwa afugwe kwa kuwinda, kwa kuchunga na kwa kulinda shamba. Ajabu ni kwamba Kitabu kile kile ambacho wanazuoni hao hukisoma kinamtaja mbwa katika kisa cha watu wa pangoni, waliolala miaka mingi kwa ajili ya imani yao, naye akiwa kizingitini amenyosha miguu yake ya mbele. Watu walibishana juu ya idadi yao. Waliosema watatu walimhesabu mbwa kuwa wa nne. Waliosema watano, mbwa akawa wa sita. Waliosema saba, mbwa akawa wa nane. Hesabu ya wanadamu ilikuwa na shaka, ila hapana aliyemsahau mbwa. Hakuingia ndani, na hakuachwa nje ya hesabu. Pengine hapana mahali pengine ambapo cheo cha mnyama huyu kimepimwa kwa uangalifu kuliko kizingiti hicho.

Katika wilaya ya Kilosa cheo chake cha kila siku ni cha kazi. Wafugaji wa uwandani humtegemea usiku, wakati fisi anapozunguka boma. Wakulima wa miteremkoni humtegemea mchana na usiku, kwa kuwa nyani na nguruwe mwitu hula mahindi ya mwaka mzima kwa siku mbili. Hapo haki ya mbwa ni rahisi kueleza: hulinda, hulishwa. Ni mapatano ya mavuno na makombo, na yeyote amnyimaye mbwa wa shamba lake chakula anajulikana kijijini kuwa ni mtu asiyelipa. Lakini mapatano hayo hayafiki mlimani. Katika mzunguko wa siku nne bila shamba wala mifugo mbwa hana kazi. Hakuna linalolindwa, hakuna linalowindwa, wala haifai liwindwe, maana misitu ya juu imehifadhiwa. Kwa hiyo matembezi haya humvua mbwa manufaa yake yote, na humwacha mtu uso kwa uso na swali lile bila ya kisingizio cha faida. Kama anamdai kitu mtu huyo, hamdai kwa kuwa amemfanyia kazi.

Wenye hekima wa Ulaya walijibu kwa njia mbalimbali, na majibu yao mawili yanatosha kutajwa. Descartes aliwafikiria wanyama kuwa kama mitambo, wenye mwendo bila ya fikira. Mtu aliyepanda na mbwa nusu siku tu hawezi kukubali, na si lazima ajibu kwa hoja ndefu. Njia ikigawanyika mbele, mbwa husimama katikati ya njia panda akatazama nyuma, na kutazama huko ni kuuliza. Jibu la Kant ni zito zaidi. Yeye aliwaambia wanafunzi wake kwamba mtu hana wajibu kwa mnyama mwenyewe, bali anao wajibu kwa wanadamu kupitia kwa mnyama. Akatoa mfano wa mbwa aliyemtumikia bwana wake mpaka akazeeka: amwuaye kwa kuwa hafai tena hamkosei mbwa, ila huua katika nafsi yake utu ambao anadaiwa na wanadamu wenziwe. Fikira hii inafanana na mazungumzo ya baraza zetu, ambako mtoto anayempiga mbwa mawe hukatazwa kwa maneno kwamba kesho atampiga mdogo wake.

Ni fikira njema, lakini inafika nusu ya njia. Ukatili huzoeza ukatili, hilo ni kweli. Hata hivyo kama kosa lote lingekuwa ni mazoea mabaya ya mkosaji, basi mzee anayejua kuwa atakufa kesho, asiye na mtu wa kumdhuru baadaye, angeweza kumfunga mbwa wake mtini msituni na kuondoka bila kosa. Hakuna atakayesema hivyo akisikia mlio wa mbwa yule. Anayesikia mlio hasemi, maskini tabia ya mzee! Husema, maskini mbwa. Bentham aliliona hilo mwaka 1789 alipoandika kwamba jambo la kuulizwa juu ya wanyama ni kama wanaweza kuumia, na kwamba akili na usemi si vipimo vyake. Kuumia ni kwa anayeumia, nalo ni jambo lake kabla halijawa somo kwa mtu mwingine.

Liko pingamizi jingine, nalo halikutoka vitabuni. Limetoka katika historia ya nchi hii, na mtu wa Afrika Mashariki asiyelisikia likimkera moyoni hajakumbuka vizuri. Kwa muda mrefu waliojulikana hapa kwa kuwapenda mbwa walikuwa watu ambao mapenzi yao kwa wanadamu yalikuwa na mpaka. Mbwa wa bwana alilala ndani, na mpishi akalala kibandani. Mbwa alikuwa na nyama yake, na mtumishi akawa na posho yake. Wako wazee waliotumika katika nyumba hizo ambao hata leo hawawezi kumwona mbwa akipapaswa bila kufikiri habari ya jikoni.

Uwanda ulio kusini ya Dumila una kisa chake katika habari hii. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, na pamoja naye alikuwa na mbwa aitwaye Omar, aliyemleta kutoka Bara Hindi. Masika ya mwaka ule yaliugeuza uwanda wa Mkata, ulio kati ya Morogoro na Kilosa, ukawa bwawa. Msafara ulipita katika tope na maji kwa taabu kubwa. Watu wakashikwa na homa, na ndui, na kuhara. Omar naye akaugua matumbo, akafa walipokaribia Rehenneko, chini ya milima ya Usagara. Stanley akaliandika jina lake katika kitabu, na kwa hiyo mpaka leo mbwa yule anajulikana. Lakini ni wapagazi wangapi waliokufa katika njia zile kwa karne nzima, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mabegani mwake, na jina lake halimo mahali popote? Uwanda wa Mkata ni kaburi la watu wengi wasioandikwa, na katikati yao yuko mbwa mwenye jina.

Pingamizi hili lisijibiwe kwa haraka. Anayesema kwamba huruma haina kikomo, kwamba amwoneaye huruma mbwa humwonea na mpagazi, anasema jambo ambalo historia imelikanusha. Huruma ina macho, na macho huchagua pa kutazama. Walakini pingamizi hilo likichunguzwa halimshitaki Omar. Wala halithibitishi kuwa ilikuwa kosa kumwandika. Aibu iko katika kurasa zilizoachwa tupu, na ukurasa mtupu haujazwi kwa kufuta jina la mbwa. Tena kuna jambo linalosahauliwa: Omar na mpagazi walikuwa sawa katika neno moja, kwamba hakuna mmoja wao aliyeichagua njia ya bwawa. Mpagazi aliafiki ujira, na bila shaka alijua habari za masika kuliko bwana wake. Mbwa hakuafiki kitu. Aliyechagua siku ya kuondoka na njia ya kupita alikuwa mmoja tu. Basi kisa hiki, kinachodhaniwa kubomoa deni la mbwa, ndicho kinachoonyesha asili yake. Deni halitokani na kazi, wala halitokani na upole wa moyo. Linatokana na uchaguzi wa njia. Achaguaye njia kwa niaba ya asiyeweza kuchagua amekuwa mdhamini wake, awe huyo aliye nyuma yake ni mtu au ni mnyama.

Kiswahili kina neno kwa hali hii, nalo ni amana. Mwenye kuweka amana humpa mwenziwe kitu chake akitumaini kukikuta. Yawezekana kusema kwamba mbwa hakuweka amana yoyote, kwa kuwa hakujua alichokuwa nacho. Lakini tazama jinsi imani ya mbwa inavyopatikana. Mtoto wa mbwa hazaliwi akimwamini mtu, huaminishwa. Siku kwa siku mtu humlisha kwa mkono, humwita kwa mluzi mmoja, humzoeza kwamba anapokwenda yeye pana usalama. Ni mtu aliyeitafuta imani ile na kuijenga, kwa raha yake mwenyewe, ili siku moja awe na mwenzi mlimani asiyeuliza maswali. Mtu hawezi kuomba amana mwaka mzima, kisha siku ya kudaiwa akasema kuwa aliletewa tu.

Haya yote yangekuwa maneno ya baraza kama njia isingekuwa na mahali pake pa mtihani. Katika mzunguko wowote iko nukta ambapo kurudi na kuendelea ni masafa sawa. Katika njia ya Ukaguru nukta hiyo huwa juu, kandokando ya msitu, ambako vijiji viko mbali na baridi huanza mapema. Tuseme mbwa ameumia hapo. Labda amekanyaga mtego wa waya uliofichwa kwa ajili ya paa, maana mitego hiyo imo katika misitu mingi japo imekatazwa. Labda ngozi ya nyayo zake imechubuka kwa mawe mpaka damu. Hawezi kusimama. Uzito wake ni kilo 20. Saa ni ya alasiri, ukungu unashuka, maji yamebaki kidogo, na nyumbani Dumila wako watoto wanaomngoja baba yao. Ambebe, au amwache?

Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa Wahindi, mfalme Yudhishthira alipanda milima mirefu pamoja na ndugu zake na mke wao, na mbwa mmoja akiwafuata. Mmoja baada ya mmoja wenziwe wakaanguka wakafa, akabaki yeye na mbwa. Indra akaja na gari kumchukua mbinguni, akamwambia mbwa hana nafasi huko. Mfalme akakataa kupanda. Alihesabu kuwa kumtupa aliyemwandama kwa imani ni dhambi isiyosafishika. Ndipo mbwa akajidhihirisha kuwa alikuwa Dharma, mungu wa haki, aliyekuja kumjaribu.

Ni kisa kitukufu, lakini mwisho wake humsaidia sana mfalme. Mbwa aliyegeuka kuwa mungu amelipa gharama ya kubebwa. Swali la Ukaguru ni gumu zaidi, maana mbwa wa Ukaguru atabaki kuwa mbwa. Mtu akimbeba mpaka usiku, atakachopata ni mabega yaliyouma na mbwa kilema. Nao watoto wake ni watoto hasa. Deni lao ni la damu na ni la mbele. Hapana budi kukubali kwamba iwapo kumbeba mbwa ni kujiua, mtu anayo ruhusa ya kumwacha, hata pengine ni wajibu wake kumwacha. Ambaye angesema vinginevyo hajawahi kungojwa na mtu. Walakini kuacha kuna namna mbili, na Kiswahili kinazitenga vema: kuna kuacha na kuna kutupa. Anayemwacha humweka penye kivuli, humwachia maji aliyoweza kukosa, hushuka mpaka kijiji cha kwanza, na kesho yake hurudi, hata kama atakuta alama za chui tu. Anayemtupa huondoka na hesabu imefungwa. Kwa mbwa, usiku ule ni mmoja katika hali zote mbili. Kwa amana, ni tofauti ya mwenye kuvunja na mwenye kuchelewa.

Hata hivyo yako mashaka kama swali la alasiri ile limeulizwa mahali pake. Karibu kila mara linapofika hapo, limechelewa. Mbwa hatokwi na jasho mwilini kama mtu. Huondoa joto kwa kuhema, na nyayo zake ndizo viatu vyake. Saa mbili baada ya jua kupanda, ulimi wake ulikuwa umetoka mrefu kuliko kawaida. Saa nne, aliacha kutangulia, akawa anatembea katika kivuli cha mtu. Penye kijito alilala ndani ya maji, na alipoitwa alichelewa kidogo kuinuka. Hayo yote yalikuwa maneno, yamesemwa kwa lugha pekee aliyo nayo. Mtu aliyaona akasema moyoni kwamba juu kuna baridi, watapumzika huko. Kosa, kama lipo, lilifanywa saa nne asubuhi, katika jua zuri, penye mandhari ya kupendeza, na halikuonekana kama kosa hata kidogo. Adili hupenda kuchora mtu akiwa njia panda usiku na mzigo mabegani, ilhali uchaguzi halisi ulipita asubuhi mtu akitazama bonde.

Na hapa lazima umbo la njia lenyewe lishitakiwe. Njia ya kwenda na kurudi ni mwaminifu: wakati wowote mtu akigeuka, yuko katika njia ya nyumbani, na hakupoteza kitu ila kilele. Mzunguko una kiburi ndani yake. Ageukaye katika mzunguko ameuvunja. Hakupanda mlima, hakuumaliza, ana nusu ya kitu kisicho na nusu. Kila hatua humwambia kwamba kuliko kurudi kwa njia ile ile ni afadhali kuendelea, na baada ya nukta ya katikati maneno hayo huwa kweli, kwa hiyo mtu huyaamini hata kabla ya nukta hiyo. Mbwa hana habari ya duara. Yeye angegeuka saa nne bila majuto yoyote. Kiburi cha kuufunga mzunguko ni cha mtu peke yake, nacho hulipwa kwa nyayo za mwingine.

Pana deni jingine dogo, ambalo wapenda mbwa hulisahau. Njia tulivu ni tulivu kwa sababu wapo wenyewe wanaoutunza utulivu wake. Mbuzi wa mtu mwingine wanapokimbizwa korongoni, au mtoto aliyetumwa kisimani anapopiga kelele na kumwaga maji, haitoshi mwenye mbwa kupaaza sauti kwamba huyu haumi. Mtoto hana sababu ya kumsadiki. Kichaa cha mbwa bado huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, wakiwamo watoto wengi. Karibu wote waliambukizwa kwa kuumwa na mbwa. Ugonjwa huo huzuilika kwa sindano, na wenye kuuchunguza wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa huweza kukatika mahali. Basi hofu ya mtoto wa kisimani ina elimu ndani yake kuliko ukelele wa mwenye mbwa. Amfungaye mbwa wake kamba anapopita kijijini, na kumpeleka kuchanjwa kabla ya kumpeleka mlimani, amelipa deni kwa wote wawili. Mbuga ya Mikumi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, haimruhusu mbwa kabisa, na ni haki. Wanyama wa mle nao hawakuchagua mgeni.

Nani basi anayeongoza katika safari hii? Kwa macho ni mbwa, maana ndiye aliye mbele. Kwa sheria ni mtu. Lakini wako waliotembea hivyo miaka mingi ambao mwendo wao umebadilika pasipo wao kukusudia. Walianza kwa kuhesabu kilomita. Sasa husimama penye maji kwa sababu mwenzao amesimama, na wakati wa kusimama huko ndipo walipoiona milima kwa mara ya kwanza. Waswahili husema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mithali hiyo ilitungwa kwa ajili ya marafiki wa mezani, na mbwa anakula chini ya meza. Labda ndiyo sababu haikumfikiria. Yuko mla nawe ambaye, asipogeuzwa, atakufa nawe bila kuuliza, na hilo linapaswa kumtisha mtu zaidi ya kumfurahisha. Uaminifu wa namna hiyo si sifa ya mwenye mbwa. Ni mzigo aliopewa, na haukupimwa kwa frasila.

Jioni ya siku ya nne mtu hurudi Dumila kutoka upande ambao hakuondokea. Mabasi ya Dodoma yanapita na taa zimewashwa. Muuza kahawa humwuliza ameleta nini kutoka mlimani, naye hana la kuonyesha. Mbwa amelala chini ya benchi, mavumbi ya njia mbili tofauti yamemkaa manyoyani, na sikio moja limesimama. Asubuhi fimbo ikiguswa ataamka na kusimama mlangoni kama kwamba hakuchoka jana. Mtu mwenye akili hulala fimbo ameiweka mbali; na siku atakapoishika tena, kabla hajafungua mlango, atachuchumaa kwanza aziinue nyayo nne, moja moja, azitazame penye mwanga.